Risasi Yangu Haitoki Upande wa Pili

Kwa Meneja wa Ulinzi,
Kiwanda cha Magodoro.

YAH: KUPEWA RISASI ISIYO NA NGUVU

Ndugu Meneja,

Kwanza pole kwa maumivu ya ubavu. Tumeambiwa leo ni siku ya tatu uko kitandani na kugeuka huwezi. Walinzi wote tumesikitika, mimi zaidi, kwa kuwa jambo langu unalimaliza wewe peke yako na haliwezi kungoja upone.

Mimi ni mlinzi wa geti la mbele, mwaka wa tisa huu. Mwisho wa mwezi utachagua mkuu wa walinzi kati yangu na mlinzi wa geti la nyuma, ambaye ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Cheo hicho nakitaka sana, sifichi. Lakini ulipogawa bastola, mimi ulinipa ya risasi za nukta mbili-mbili, yeye ukampa ya nukta tatu-mbili, ambazo ni nene zaidi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Risasi yangu ni nyembamba mno. Niliiweka mezani kantini nikiwa nakula, mpishi akaifagia pamoja na makombo. Ya shemeji aliiona, akaomba iondolewe karibu na chakula.

2. Ili nisilalamike bila ushahidi, tulifanya majaribio. Jumatatu mchana, mashine ya kukatia sponji ikinguruma, tulisimamisha magodoro mawili ya springi, yale mabovu yanayopangwa kushoto kwa mlango wa ghala. Kila mtu akapiga lake, kwa umbali wa hatua kumi. Risasi ya shemeji ilipita godoro lote, ikatoboa na ndoo ya mfagizi. Yangu iliingia, nikasikia springi moja imekatika, basi. Nilizunguka nyuma kuingoja. Mpaka leo haijatoka.

3. Kwa hiyo mwizi yeyote atakayebeba godoro mgongoni, kama watu wote wanavyobeba godoro, mbele yangu atakuwa salama kabisa. Na hapa kwetu hakuna kingine cha kuiba.

4. Shemeji amelifikisha jambo hili nyumbani kwangu. Mke wangu zamani akisikia kishindo uani alikuwa akiniita mimi. Siku hizi anasema tumpigie simu kaka yake. Najua hili si la kiofisi, lakini ndilo lililoniuma kuliko yote.

5. Naomba basi nipewe nukta tatu-mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Ikishindikana, shemeji naye apewe ndogo, ili tudharauliwe sawasawa. Na hilo likishindikana, libandikwe tangazo getini kuwaomba wezi wenye miili mikubwa wapitie geti la nyuma. Nitaliandika mwenyewe, mwandiko wangu unauona.

Kwa ufupi, risasi hii haiwezi kumlaza mtu mzima hata dakika tano, na niko tayari kuapa popote utakaponipeleka.

Msalimie mkeo na watoto, na daktari pia kama bado yupo hapo. Shemeji naye anakusalimu, ingawa sijamwambia kuwa naandika.

Wako mwaminifu getini,
Mlinzi wa Geti la Mbele

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mtunza ghala amepita hapa akiuliza kwa nini amekuta godoro la kuuza lina tundu mbele na nyuma. Kumbe yeye huhesabu kushoto akiwa anaingia. Sisi walinzi hukaa tumeelekea nje, kwa hiyo tulipiga ya kuuza badala ya mabovu. Hilo alilolikuta ni la shemeji. Langu, kwa kuwa lilikuwa na katundu kadogo upande mmoja tu, hakuna aliyekaona, likapakiwa Jumatatu ile ile jioni likaletwa kwako, ndilo lile jipya uliloagiza. Tafadhali lala sakafuni mpaka tulete lingine. Kuhusu risasi, malalamiko yote nimeyaondoa. Na kwenye cheo, naomba tu uangalie matokeo: ya shemeji ilitoboa ndoo, yangu imemlaza meneja siku tatu.