Nundu Yangu na Punje ya Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba 1958. Ruiru.

Habari njema kuliko zote! Mzee wa meza za kahawa ameacha kazi, amerudi kwao Murang'a. Kiti chake kiko wazi. Kiti cha kweli, chenye mgongo! Kazi yenyewe: kukaa, kutazama kahawa ikikauka, kupiga filimbi mvua ikija. Na koti la mvua juu yake, la bure. Mbaluka, nyapara wetu, ametutangazia asubuhi kwamba bwana mwenye shamba hakitoi kwa mtu mwenye afya. Anataka mgonjwa asiyeweza tena kubeba magunia. Lakini alete barua ya daktari.

Nani mgonjwa kunishinda? Nina nundu! Iko bega la kushoto, mwaka wa tisa sasa, kubwa kama chungwa. Fundi akinishonea koti huongeza kitambaa upande mmoja. Watoto wa kambi yetu ya wafanyakazi huomba kuigusa. Kama hii si kansa, basi kansa haipo duniani.

Mpinzani ni mmoja tu. Shemeji Kang'ethe, kaka yake mke wangu Wangeci. Naye anakitaka kiti! Sababu? Ati anachoka. Amekonda kidogo, sauti imekwaruza tangu Pasaka, na shingoni ana kitu kama punje ya mahindi. Punje! Nimecheka mpaka Wangeci akaniondolea sahani. Ile sauti yake ilipokufa, mimi ndiye niliyepewa kuanzisha nyimbo kanisani. Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata akili usiku, nimeamka nayo mzima mzima. Nitaenda na Kang'ethe kwa daktari! Daktari ataona punje, atacheka, ataandika "mzima". Hapo mbio zimekwisha, kiti changu.

Nimeenda kwake jioni. Mama mkwe alikuwa jikoni, kwa hiyo nikakaa nje kwa heshima, tukasemezana ukuta ukiwa kati yetu. Kang'ethe akakataa. Akasema hakimwumi, cha kumsumbua daktari ni nini? Nikamwambia ndiyo hasa, kisichouma si kitu, twende tu ukapate ushahidi. Mama mkwe akadakia kutoka ndani kwamba mwanawe hajamaliza sahani ya chakula tangu Agosti, na mficha maradhi, kilio humwumbua. Akasema tutaenda, na yeye na Wangeci watafuatana nasi. Ala! Hilo halikuwamo katika mpango.

Odhiambo, karani wa ofisi, ametuandikia pasi za kusafiri. Akaniuliza safari ya nini. Nikasema kansa. Akauliza ya nani. Nikasema yangu, kichwa juu. Akavua kofia! Sijawahi kuvuliwa kofia maishani. Tamu sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya balaa.

Treni ya asubuhi mpaka Thika. Mimi na Wangeci benchi moja, Kang'ethe na mama yake benchi ya mbali, maana mtu na mama mkwe hawagusani magoti. Nilikuwa nimevaa shati la kubana ili nundu ijitokeze. Abiria mmoja aliniachia nafasi ya dirishani.

Daktari Mohanlal ana chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la ndugu yake Himatlal. Kati ya benchi ya wagonjwa na kitanda kuna pazia tu. Mke wa daktari, Induben, ndiye anayepanga foleni, na hana mchezo. Nikaingia wa kwanza. Daktari akasema nivue shati. Nikavua upesi! Nikaielekeza nundu kwenye mwanga. Induben akaona bado kuna giza. Akavuta pazia lote.

Ngai wakwa, Mungu wangu! Mama mkwe uso kwa uso na mimi, kifua wazi! Akapiga ukemi, akajifunika leso usoni, akatoka mbio mpaka dukani, akajificha nyuma ya majora ya kitambaa cha marekani. Nami siwezi kukimbilia shati, daktari amenishika bega.

Akabonyeza kwa vidole viwili. Nundu ikateleza huku na huku chini ya ngozi. Akauliza kama inauma. Nikasema sana. Akabonyeza tena, nikasahau kulia. Akauliza inakua kwa kasi? Nikasema kasi ya ajabu. Wangeci, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema ni ileile tangu mtoto wetu wa pili azaliwe. Daktari akasema ni mafuta.

Mafuta! Ati yamejikusanya ndani ya mfuko wake, hayana nia mbaya na mtu. Nikitaka atayatoa, nisipotaka nitazeeka nayo. Dakika mbili! Hata kikohozi hupewa tano. Nikamwambia hajaigusa kwa nyuma. Akaniambia nivae shati.

Kisha Kang'ethe. Saa nzima! Daktari akaishika ile punje, akamwambia ameze mate, akampapasa chini ya taya na shingo pande zote. Akauliza habari za sauti, za kumeza, za kukonda. Punje haikuteleza. Ni ngumu, na imeshika. Daktari akaacha kutania. Mimi nilikuwa nimechemka: mwenye chungwa ameachwa, anashughulikiwa mwenye punje!

Wangeci akauliza inawezekanaje kubwa iwe salama, ndogo iwe ya kutisha. Daktari akamweleza pole pole, kwa mifano ya shambani. Akasema uvimbe usio kansa ni kama kabichi. Unanenepa palepale ulipoota, ukiung'oa umekwisha. Hauna dhara, labda ubane mshipa au koo, hapo hutolewa. Kansa ni sangari, lile gugu linalotambaa chini kwa chini. Juu unaona jani moja, chini imeshapita ua na kuingia kwa jirani, na kipande kikichukuliwa na maji huenda kuota ng'ambo ya mto. Ukubwa si hoja. Hoja ni kitu kigumu, kilichoshika, kinachobadilika, hata kama hakiumi. Tena akasema vidole hushuku tu, anayejua ni darubini. Kwa hiyo Kang'ethe aende hospitali kubwa Nairobi, upesi, wakikate wakitazame.

Wangeci alisikiliza neno kwa neno. Mimi nilikuwa nahesabu mara ngapi daktari amemwita Kang'ethe "rafiki yangu". Sita. Mimi hata moja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Barua aliyonipa daktari ilikuwa imeandikwa Kiingereza, nikaona afadhali, hakuna atakayeielewa. Nikampa Mbaluka kwa mikono miwili, uso wa huzuni. Mbaluka akampa Odhiambo aisome mbele ya wabebaji wote. Odhiambo akavua tena kofia, akaisoma, kisha akaitafsiri kwa sauti ya mhubiri: uvimbe wa mafuta, hauna hatari, mtu huyu ana nguvu za kutosha. Akavaa kofia yake.

Mbaluka akasema basi nundu itafaa kuwa mto wa gunia. Watu wakacheka mpaka mashine ya kumenyea kahawa ikazimwa. Nimebeba magunia arobaini na moja leo.

Nyumbani, jambo jingine. Wazee wa ukweni wamekaa. Wamesema nimemwonyesha mama mkwe mwili, kwa hiyo nitatoa mbuzi. Nikasema nilivuliwa na daktari! Wakasema basi daktari angetoa mbuzi, lakini yeye si mkwe wao. Tena wametaka dume lenye mafuta. Hata wao wananitania!

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani mchungaji akawaombea wagonjwa. Akamtaja Kang'ethe kwa jina, mara tatu, kanisa zima likasimama. Mimi nikainua mkono nikumbukwe. Wangeci akaushusha.

Baada ya chakula nikasema kwa utani kwamba Kang'ethe amenishinda kwa punje. Nikageuka, kumbe Wangeci analia, bila sauti, anaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. Akasema huyo ndiye kaka yake wa pekee. Akasema wakiwa wadogo Kang'ethe alimbeba mgongoni kuvuka mto Ruiru siku maji yalipojaa. Akaniuliza kama ninaelewa neno hata moja katika yale aliyosema daktari. Nikasema yote. Akaniomba nirudie. Nikakumbuka kabichi tu.

Alhamisi, 16 Oktoba. Nairobi.

Wamempasua Kang'ethe leo asubuhi. Tumekaa nje tangu saa moja. Mama mkwe amekaa upande wa pili wa mti, amenipa kisogo, lakini amenitumia viazi vitamu kwa mkono wa Wangeci.

Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma humu. Niliogopa. Niliogopa mno. Nilimfikiria Kang'ethe akiimba Krismasi kabla ya sauti kuharibika, nikaona aibu kwa vile nilivyofurahi. Nikamwahidi Mungu kwamba akimponya shemeji, sitakitaka kile kiti tena. Nilisema hivyo kwa sauti, Wangeci akasikia. Hiyo ndiyo shida ya kuomba hadharani.

Saa nane tukaruhusiwa kuingia. Shingo yote bandeji. Kang'ethe akanishika mkono, akanong'ona kwamba nisingemlazimisha, asingeenda kwa daktari kamwe, angekaa tu kwa vile hakimwumi. Akamwambia mwenzake wa kitanda cha pili kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Mimi! Habari ikapita kitanda hadi kitanda. Mgonjwa mmoja akaomba kunishika mkono. Nikazunguka wodi nzima, nikawashika wote, na wengine mara mbili, mpaka nesi akanitoa.

Jumamosi, 8 Novemba. Ruiru.

Majibu! Wangeci amekuja nayo mbio kutoka stesheni, viatu mkononi. Darubini imesema ni kansa. Lakini ngoja! Ilikuwa bado haijatoka pale ilipoanza. Sangari ilikuwa haijavuka ua! Wameitoa yote wanayoiona. Kila miezi mitatu atarudi wamtazame, na sauti itakuja kidogo kidogo. Daktari wa Nairobi amesema mwaka mmoja zaidi na wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Tumepiga vigelegele kambi nzima. Nimeruka, nimeangusha sufuria ya uji. Nimelia kidogo, nikasema ni moshi. Mama mkwe amepokea mbuzi, akasema kutoka mbali kwamba jambo la pazia limekwisha. Odhiambo amenipa mkono, ingawa kofia haikutoka.

Halafu Mbaluka akatangaza. Kiti ni cha Kang'ethe. Na koti la mvua. Na filimbi!

Nimepiga makofi kuliko wote ili mtu asinione uso. Ni haki yake, najua. Lakini nani alimpeleka Thika? Ukimpa mtu ng'ombe, hata kwato hupati?

Jumapili, 9 Novemba

Nimekaa nimefikiri, na leo nimeelewa kila kitu. Kosa langu lilikuwa kwenda kwa daktari mwenye haraka. Kitu kikubwa kinataka muda.

Nilikuwa naosha miguu nje baada ya kanisa, namweleza Wangeci hayo, akanikamata kisigino ghafla. Akauliza hiki ni nini. Nikamwambia ni doa tu, jeusi, liko hapo chini ya unyayo tangu Juni. Akauliza kama lilikuwa hivi tangu mwanzo. Nikasema hapana, lilikuwa dogo kama mbegu ya mtama, sasa limetanuka, kingo zimekwenda ovyo, na katikati pamekuwa pagumu. Akauliza damu ile ya soksi ilitoka wapi. Nikamwambia ni hapohapo, wiki hii mara mbili, lakini haliumi hata kidogo. Tena ni dogo! Kidole gumba kinalifunika lote. Nikamwomba aache unyayo, atazame bega, maana nina hakika nundu imeongezeka.

Hakutazama bega. Aliushika mguu wangu kwa muda mrefu, kisha akafunga leso akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Odhiambo. Siku ya Jumapili! Amerudi na pasi mbili za kesho, treni ya kwanza, kwa Daktari Mohanlal. Macho mekundu, lakini amesema ni vumbi.

Hatimaye! Mke wangu ameiamini nundu! Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Safari hii daktari asinipe dakika mbili, Wangeci mwenyewe ameapa hatutoki mle mpaka aangalie sawasawa. Nimemwambia anipigie pasi lile shati jeupe, linaloonyesha bega vizuri.