Gervas Atafuta Watu Msibani

Kwa hesabu za Gervas wa Kimara, Dar es Salaam ina watu wa aina mbili tu: walio chini yake, na watakaokuwa chini yake. Mpaka siku ninayoisimulia, aliyekuwa chini yake alikuwa mmoja, mkewe Mauwa, na huyo naye alimwandikisha akiwa kalala.

Biashara yenyewe ni ile ya mtandao. Unauza unga wa majani kwenye kopo la kijani, unaotibu sukari, presha, mgongo na, kwa maelezo ya Gervas, mikosi. Lakini kuuza ni kazi ya watu wadogo. Mkubwa anaingiza watu, nao wanaingiza wenzao, yeye anakaa juu anapunga upepo. Gervas alishanunua kabisa suti ya kukalia huko juu, nyeusi, nzito kama blanketi, akawa anatembea nayo Kimara nzima kwenye jua la Februari huku majirani tukimwonea huruma.

Ishu ilikuwa watu. Shemeji zake walishamblok. Fundi viatu akimwona tu anafunga kibanda. Mie, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nilishazoea kutokea mlango wa uani.

Akaenda kulalamika kwa sista Jovina, aliyemwingiza kwenye biashara.

"Unakosea watu," Jovina akamwambia. "Mtu sahihi ana muda, ana shida, na hawezi kuinuka ukiwa katikati ya maelezo."

Gervas akazunguka na elimu hiyo hadi Jumamosi moja, alipopita Chang'ombe akaona turubai la bluu limefungwa kati ya nyumba na gereji. Chini yake watu kibao, wamekaa, kimya, hawana haraka. Shida wanayo, tena mbichi. Na wa kuinuka hayupo.

Ulikuwa msiba wa Mzee Luambano, Mngoni wa Songea aliyestaafu kiwandani. Gervas hakumjua, wala hakuona kama hilo ni tatizo. Akawapa wazee shikamoo na pole, akakaa. Kuna ule muda msibani ambapo nyimbo zimeisha na chai haijaletwa. Gervas akaona ndio wake. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wafiwa, naitwa Gervas, mjasiriamali. Poleni sana. Lakini tuulizane ukweli: kati yetu hapa, nani anafuata?"

Vichwa vikageuka.

"Marehemu nasikia kaondoka na presha. Kijiko kimoja cha unga huu asubuhi, kimoja jioni, saa hizi angekuwa hapa na sie anasubiri chai. Yeye kachelewa. Nyie bado mna nafasi, hasa wazee wa mstari wa mbele."

Vijana wawili wa gereji wakaanza kukunja mikono ya mashati. Kaka wa marehemu, Mzee Benjamin, akainuka taratibu na fimbo yake, akamsogelea mpaka wakakaribia kugusana pua.

"Kijana, wewe kabila gani?"

"Mhehe, mzee," Gervas akajibu.

Mzee akamkagua kuanzia tai hadi viatu. Kisha akawageukia watu. "Jamani, fungieni mbwa. Mtani kafika."

Turubai zima likaangua kicheko, maana Wahehe hutaniwa kwamba mbwa kwao ni kitoweo. Wangoni na Wahehe ni watani tangu mababu walipochoka kupigana, na mtani akifika msibani ana ruhusa ya kusema lolote, hata kumsema marehemu. Familia ilikuwa inamngoja mtani tangu jana. Na huyu kaja na suti kabisa.

"Mie sitanii," Gervas akasema. "Hili kopo ni la kweli."

Wakacheka zaidi. Akaeleza jinsi kampuni itakavyompa gari akishaingiza watu wa kutosha. Mama mmoja akateleza kwenye kiti. Mjane, Bibi Anna, ambaye tangu mumewe afariki hakuwa ameinua uso, akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yakamtikisika. Wakadhani analia.

"Mume wangu angekuwepo," akasema akijifuta machozi, "huyu angemnunulia soda."

Gervas akawa na njia mbili. Aendelee kushikilia kwamba yuko makini, na vijana wa gereji bado hawajashusha mikono ya mashati. Au awe mtani. Akacheka, kicheko cha meno ya mbele tu.

Kumbe mtani hachekeshi tu, ana kazi pia. Wakamvua koti kwa heshima zote, wakamkabidhi mwiko, akasonga ugali wa msiba mzima. Akamalizia kwa kukosha masufuria. Kopo lake wakalifungua huko jikoni, wakauonja unga, wakasema hata kwenye maharage haufai.

Jioni, akiwa anajifutia mikono kwenye suruali ya suti, akafuatwa na mwanamume mmoja mpole, jirani wa wafiwa, anaitwa Eliaichi.

"Braza, nimekusikiliza toka mwanzo. Naomba namba yako."

Gervas akahisi suti imerudi mwilini. Akamtajia namba, akairudia mara ya pili ili isikosewe.

"Nina mama mkwe, Mngoni kama hawa," Eliaichi akasema. "Yuko Mbagala, kalala kitandani muda mrefu. Madaktari wameshakata tamaa."

"Tuanze na makopo mangapi?"

"Hapana, kaka, dawa anazo." Eliaichi akashusha sauti. "Ninayekutaka ni wewe. Siku ikifika nakupigia, wengine wasije wakakuwahi."