Mwaliko wa Tatu

Jumapili, 4 Mei 2025

Kosa la watu wengi ni kukubali mwaliko mara ya kwanza. Nimemweleza Bahgat leo, kwa upole, maana bado ni mgeni hapa ofisini. Ana miaka minane tu kazini. Mwaliko wa kwanza ni salamu. Wa pili ni adabu. Wa tatu ndio chakula. Muungwana hukataa mara mbili, kisha huburutwa. Bahgat akauliza: je, nikikataa na mwenzangu akaniamini? Kijana huyu hakulelewa mjini kwetu Tanta!

Bi Safinaz anastaafu Alhamisi. Meza zetu zimetazamana tangu enzi ambazo lifti ilikuwa ikipanda. Mkurugenzi wetu huacha koti kitini ili ionekane yupo, na kila asubuhi Bi Safinaz huliamkia: "Habari za leo, Bwana Mkurugenzi? Mbona mabega yamelegea?" Kwa hilo tu nimeivumilia ofisi hii. Tangu mke wangu afariki, sijacheka mahali pengine.

Mpango: nialikwe kwake. Huko nitamwambia. Nitamwambia nini? Nitajua nikishashiba.

Jumatatu, 5 Mei

Nimelalamika kwa sauti kwamba nyumbani ninakula maharage tu. Peke yangu. Kwa kijiko kimoja. Akanasa! Akasema Ijumaa anapika mlenda wa sungura, niende. Nikakataa vizuri sana. Umeme ukakatika, Mzee Gabir, mhudumu wetu, akaingia na chai gizani akaimwaga kwenye mafaili, mazungumzo yakaishia hapo. Si neno. Bado mara moja tu ya kukataa.

Jumanne, 6 Mei

Nimeingiza habari za sungura katika mazungumzo ya wino wa mashine. Haikuwa rahisi. Akanialika tena, safari hii kwa kiapo: "Wallahi, Ustadh Wagdi, utakuja!" Nikaweka mkono kifuani, nikakataa. Hata mimi nilijipenda.

Bahgat, bila kuinua kichwa kwenye simu: "Mimi nitakuja, Mama."

Mara ya kwanza! Wala hakualikwa! Bi Safinaz akacheka, akamwambia aje na njaa.

Jumatano, 7 Mei

Koti limeanguka sakafuni. Bi Safinaz akaliinua, akalipangusa vumbi: "Pole, Bwana Mkurugenzi. Usistaafu kabla yangu." Nikacheka hadi machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Nikasingizia vumbi.

Akanitazama kitambo. Akauliza, bila hata kuniita Ustadh: "Wagdi, kwani unataka kuja au hutaki?"

Nikajibu kwamba sipendi kumsumbua. Akasema sawa, akarudi kwenye kabati lake.

Sihesabu. Hilo lilikuwa swali, si mwaliko.

Alhamisi, 8 Mei

Halua, dengu za kukaanga, hotuba. Koti liliwakilisha uongozi. Nilisimama karibu naye mchana kutwa, nikijiweka pa kualikwa. Akanishika mkono, akasema nijitunze. Kisha akashuka ngazi, Bahgat nyuma yake amembebea mmea. Nilisikia viatu vya Bi Safinaz mpaka ghorofa ya chini.

Jumapili, 11 Mei

Meza iliyo mbele yangu ni tupu. Nimeliamkia koti mwenyewe. Hakucheka mtu.

Bahgat amekuja na bakuli lililofunikwa. Mlenda. Anasema Ijumaa Bi Safinaz aliniwekea sahani, akakataza mtu kuigusa mpaka chakula kikapoa. Kila ngazi zilipolia, aliinuka. Ameagiza niambiwe: Ijumaa ijayo anapika tena, niende, tafadhali.

Moyo ulinidunda hadi nikakaa. Aliinuka kila ngazi zilipolia!

Lakini tufikiri kwa utulivu. Mwaliko huu umeletwa na mjumbe, na ni wa Ijumaa nyingine, kwa hiyo hesabu inaanza upya. Nimemwambia Bahgat amshukuru sana, ila asijisumbue. Bahgat ameshika kichwa kwa mikono miwili, akaniita baba, akanisihi. Nimemsamehe; hajui mambo haya. Imebaki mialiko miwili tu, kisha nitaburutwa.

La kufanya leo: ukialikwa, kataa.