Msumari wa Lango la Chumvi

Jumatatu, 18 Mei

Zuzia wangu amepewa Lango la Chumvi! Wageni wakija mjini kwetu kulitazama, yeye ndiye wa kuwaongoza na kuwasimulia. Mtoto wangu mimi Stefania, niliyetoka shule nikaingia moja kwa moja jikoni mwa hospitali.

Ila ni majaribio mpaka Jumamosi. Bwana Lisek, msimamizi wa majengo ya kale, amesema wageni wasipoongezeka lango atapewa Hubert, yule anayeongoza wageni kwenye mnara wa saa. Na Hubert ni mtoto wa jirani yangu Genowefa. Basi nani atalala?

Genowefa mwenyewe kanisemesha akiwa upande wa pili wa uzio. Eti lango ni tundu tu ukutani, lina nini cha kusimuliwa? Nikamwambia hata pua yake ni matundu, mbona anaitanguliza mbele kila aendako? Akaingia ndani. Nikamwagilia maua nikiimba.

Jumanne, 19 Mei

Nimepeleka langoni wanawake wenzangu wa rozari kanisani, wote. Niliwaagiza washangae. Wameshangaa kupita kiasi. Zuzia alipotaja moto ulioteketeza paa na watu karne zilizopita, mwenzetu Lodzia aliangua kilio, akauliza kama marehemu wana jamaa hapa mjini tukawape pole. Kisha tukaona njaa. Tukaketi palepale chini ya tao tukafungua mikate yetu ya mayai. Watalii wa Kijerumani wakakosa pa kupita.

Tukatoka, tukabadilishana vitambaa vya kichwa, tukarudi kama kundi jipya. Bwana Lisek akatupokea mlangoni. Karibuni tena akina mama, akasema, na yule mliyekuwa mnambembeleza naona ameshapoa.

Jioni Zuzia ananiambia: Mama, nakuomba, kaa nyumbani. Amechoka mtoto. Nimempikia pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye jibini ndani.

Jumatano, 20 Mei

Mvua. Langoni wamekuja mume, mke na mbwa. Mbwa ndiye aliyesikiliza. Mnarani kwa Hubert imeingia shule nzima, na Genowefa kahakikisha nimejua kabla sijamaliza kifungua kinywa.

Nimelijua tatizo. Zuzia anasema kweli tupu: matofali, mwaka, jina la aliyejenga. Kweli ni nzuri, lakini haijazi basi la watalii.

Alhamisi, 21 Mei

Sikukaa nyumbani. Nilisimama kando ya duka la mikate, na hapo si ndani ya lango. Likaja basi la mahujaji wanawake, wamechoka, wanatafuta choo. Nikawaonyesha choo, kisha nikawaonyesha msumari.

Uko kwenye ubao wa kushoto wa lango, kichwa chake kimejitokeza kuliko wenzake. Nikawaambia: zamani binti mmoja mpenzi wake alifungiwa nje. Akalia usiku kucha ameshika ubao, hadi asubuhi msumari ukawa umechomoza kwa huruma. Tangu hapo, asiye na mwenzi akiugusa kwa kidole kidogo cha kushoto, mwaka hauishi kabla hajampata. Na mama anaweza kumgusia mwanawe.

Hadithi nilianza nayo bila kujua mwisho. Mwisho ulikuja wenyewe. Basi lote likajipanga, na jioni foleni ilifika kwenye chemchemi. Zuzia akaniuliza kama najua jambo lolote. Nikamwuliza kama amekula.

Ijumaa, 22 Mei

Msumari umetoka. Na aliyeutoa ni Genowefa.

Alikuja amejifunika kitambaa mpaka machoni, lakini pua ile naijua. Alikuja kwa ajili ya Hubert, mwanamume mzima ambaye soksi zake bado zinapigwa pasi na mama. Wenzake wa foleni waligusa. Yeye alivuta. Mkwe hapatikani kwa nguvu, lakini nani amwambie? Msumari ukabaki mkononi mwake, watu wote wanatazama.

Bwana Lisek akatoka. Genowefa akaninyooshea msumari: mwulizeni huyu, yeye ndiye mwenye hadithi. Bwana Lisek akamgeukia Zuzia, akamwuliza kama haya ndiyo anayowafundisha wageni. Nilikuwa tayari kujibu. Zuzia akanitangulia.

Akawaambia watu wote hadithi ni ya uongo na ameitunga mama yake, huyo hapo mwenye mwavuli. Kisha akasema: kweli ni kwamba zamani lango hili lilikuwa likifungwa jua likizama, na aliyechelewa alilala nje. Awe mchunga ng'ombe, awe mtoto. Mama wa mtoto huyo aliweza kusimama upande huu amsikie akiita, na ufunguo usitolewe.

Watu kimya. Nilitamani kwenda kumfungulia.

Jumamosi, 23 Mei

Kazi ni yake! Bwana Lisek amesema hajapata kusikia kundi likinyamaza vile langoni. Fundi ataurudisha msumari. Sharti ni moja: mimi nisikanyage tena chini ya tao.

Zuzia kanikumbatia, kisha kaniomba niahidi. Nimemwongezea pierogi. Lakini tuulizane: watu wale walionyamaza, nani aliwaleta? Msumari. Na msumari nani aliupa umaarufu?

Jumapili, 24 Mei

Baada ya misa nimepita upande wa pili wa barabara, kwa adabu zangu. Kwenye dirisha la tiketi wamebandika picha yangu, ili walinzi wanijue. Ni ya Jumanne, nina yai mdomoni. Genowefa anasema ni aibu. Nikamwuliza: picha iliyopo langoni ni ya nani, yangu au ya Hubert? Hata mfalme aliyelijenga hana picha pale.

Chini ya picha kuna tangazo. Sikukuu ya Mama, keshokutwa, kila mama anaingia bure. Kila mama. Hawakuandika isipokuwa Stefania.

Lodzia ananiazima miwani yake na koti. Wanawake wa rozari watanizunguka, mimi katikati. Genowefa naye ameomba kuja. Nimemkubalia, ila mikono mfukoni. Na upande wa kulia wa tao nimeona jiwe lenye umbo kama la unyayo. Hadithi yake ninayo tayari, na hii mwisho wake ninaujua.

Wote wameshaambiwa, tunaanzia duka la mikate: Jumanne, tarehe 26.