Uzinduzi wa Mashine Isiyochanganya Macho na Magoti

Wewe uliyeegemea ukuta, ndiyo, wewe mwenye shati la mistari, simama wima! Ukuta huo umepakwa rangi kwa ajili ya sherehe hii, si mumeo wala si mama yako. Na nyinyi wa benchi la dirishani mnaochekacheka, fungeni midomo, meno tumeshayaona. (Mwenye shati la mistari anajipangusa rangi mgongoni.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hujafika ila kiti chako kimefika mapema, Mheshimiwa Msaidizi wa Mgeni Rasmi, uliyetuma salamu kwamba tangu asubuhi unatafuta pa kuegesha gari, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Hospitali, mliokaa hapa mbele mkisinzia kwa niaba ya wananchi, Daktari Mkuu, Nesi wa Zamu, makarani wa masjala, wagonjwa wa nje, wagonjwa wa ndani, na wagonjwa ambao kwa sababu ya mashine hamjulikani ni wa nje au wa ndani, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. Mimi, Mwenyekiti wa Kudumu wa Bodi, Mlezi Mkuu wa Masjala, bibi wa wajukuu tele ambao wote walinyooka kwa mkono huu hapa (anaunyanyua, makofi ya woga), nimesimama mbele yenu kuzindua Mradi Kabambe wa Kurekebisha Hitilafu ya Difragmentesheni katika Dereva ya Faili Sistimu. (Makofi marefu. Babu mmoja: "Ya nini?")

Ya faili sistimu, babu, na ukiuliza tena nakuweka kwenye kamati. Mimi shule sikukaa sana, nilitoka nikiwa najua kusoma, kuandika na kumjibu mwalimu, na hayo yamenitosha kuwaongoza nyinyi wenye vyeti, kwa hiyo hili nitalieleza mimi, maana wakilieleza wao tutalala hapa. Mashine ya masjala haiweki faili lako zima mahali pamoja. Inalikata vipande, kimoja inakisukumia huku, kingine kule, popote penye nafasi, kama mtoto anayeambiwa apange nguo. Difragmentesheni ni kuviokota vipande vya kila mtu na kuvishona pamoja, faili lisomeke upesi. Anayeokota na kushona ni kiprogramu kinachoitwa dereva. Sasa dereva yetu ina kasoro moja: ikikuta karani bado anaandika kwenye faili lako, haisubiri, inanyanyua kipande, inakihamisha, na ile nafasi ya zamani inampa mgonjwa mwingine, huku karani anaendelea kuandika palepale kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndipo jicho la huyu linaposhonwa kwenye goti la yule. (Minong'ono. Sauti: "Mimi nina mimba humo!" Anasimama mzee mwenye kipara.)

Kaa, mzee wangu, hiyo mimba tunaifahamu, bodi inaifuatilia kwa karibu, na kwenye ripoti tumeiandika chini ya mafanikio, kipengele cha usawa wa kijinsia. (Vicheko.) Hata yule mtoto wa chanjo aliyeandikiwa meno ya bandia ameshahakikishiwa kwamba akifika umri atayakuta. Kitakwimu, ndugu zangu, mchanganyiko umepungua kwa asilimia mia na kumi na mbili, jambo ambalo wataalamu waliniambia haliwezekani, nikawaambia haliwezekani kwenu.

Wapo wenye midomo mirefu wanaosema kwamba kosa ni langu. Wanasema fundi wa kompyuta alionya kwamba upangaji ufanyike wakati makarani hawaandiki, halafu mimi nikaamuru ufanyike kila Ijumaa mchana, makarani wote wakiwa mezani wanaandika, ili mpiga picha apate picha. Ni kweli niliamuru! Mnataka nibonyeze kitufe mbele ya viti vitupu, tuonekane tuko msibani? Picha zimetoka vizuri, mimi katikati, kidole kwenye kitufe, makarani nyuma wanaandika kwa bidii ya hali ya juu. (Karani mmoja anainamisha kichwa.) Inua kichwa, mwanangu, ulipendeza.

(Kutoka mlango wa wodi, sauti ya mwanamke: "Wifi! Wifi, nisemeshe!")

Nani huyo? Aa. Mabibi na mabwana, huyo ni dada wa marehemu mume wangu, mtaniwia radhi, ukoo ule hawajui kusubiri. Wifi, hapa mimi si wifi, hapa mimi ni Mwenyekiti. ("Mwenyekiti, basi! Nimekuja jicho la kushoto, mbona wananinyoa goti?") Wanakuandaa, wifi, maandalizi ni prosesi. ("Goti langu halina kasoro! Nilicheza nalo harusini kwako mpaka wewe ukanuna!") (Vicheko vikubwa.) Sikununa. Kiatu kilikuwa kinabana. Tuendelee na ajenda.

Suluhisho lipo. Lipo pale mezani, kwenye sinia, chini ya kitambaa chekundu: flashi yenye dereva mpya, ambayo kabla ya kunyanyua kipande inakifunga kwanza, inamwambia karani subiri, inakinakili, inahakiki, inabadilisha ramani ya mahali kilipo, na ndipo inaachia nafasi ya zamani. Nimeyakariri hayo na sijakosea hata neno. (Makofi.) Baada ya hotuba hii nitaichomeka na karani atabonyeza, na kwa hatua hii hospitali yetu itaingia katika anga za kidijitali, kwa ushirikishwaji wa stekiholda wote, kwa uendelevu, kwa apudeti za kila mara, na ole wake atakayeuliza maana yake. Semeni nami: Faili moja! ("Mtu mmoja!") Goti libaki goti! ("Jicho libaki jicho!") Mnajibu kama mmekula jana, ongezeni sauti. Dereva mpya! ("Kazi mpya!")

Kabla sijashuka, shukrani. Naishukuru Kamati ya Mradi, iliyokutana, ikakubaliana ikutane tena. Nawashukuru mafundi cherehani walioshona fulana za mradi, zilizotoka kabla ya mradi wenyewe. Namshukuru kwa namna ya pekee fundi wa kompyuta, ambaye tangu alipogoma kuvaa fulana ya kazi ambayo bado haijaanza, hatujamwita tena. Na ninamshukuru karani aliyeandaa sinia lile kwa heshima, akatandika kitambaa, na kwa kukosa flashi akaweka chini yake kifuniko cha kalamu, maana kwa mbali vinafanana... (Mjumbe wa Bodi anaamka.)

(Nesi anapita katikati ya ukumbi akisukuma kiti cha magurudumu. Amekaa wifi, kanga imekunjwa mpaka mapajani, goti la kulia limenyolewa linang'aa. Nesi: "Nipisheni, chumba cha upasuaji kinamsubiri." Wifi hapigi tena kelele. Ameushika mkono wa kiti kwa nguvu, ameligeuzia jicho lenye ukungu jukwaani, anasema polepole: "Wifi, kama ni wewe umesimama hapo, sikuoni. Mimi nilikuja nipate kukuona.")

Simama hapo, nesi! Nimesema simama, magurudumu hayo yasizunguke tena! Unamkata nani goti? Mimi hapa si Mwenyekiti, mimi ni wifi yake, nimelala naye kitanda kimoja msimu mzima wa eda yangu, namjua kutoka kidole mpaka kisogo, na goti hilo ndilo lililonishinda harusini. Ndiyo, nilinuna! Mmefurahi? Hakuna dereva mpya. Hakuna flashi, hakuna mradi, kuna kifuniko cha kalamu na bibi mmoja anayependa kupigwa picha.

Wewe karani, ondoa kidole kwenye kitufe, na mpaka fundi aje hakibonyezwi, hata aje Mgeni Rasmi na kiti chake cha pili. Shati la mistari, wewe una miguu mizima na mgongo umeshachafuka, kimbia ukamwite fundi, umwambie aje na nguo anayotaka. Daktari, usiingie humo ndani mpaka umemsikia mgonjwa kwa mdomo wake. Na wewe nesi, lete plasta mbili na kalamu ya wino mzito, hiyo yenye kifuniko chake pale kwenye sinia. Moja ibandike juu ya jicho la kushoto, uandike: NI HILI. Ya pili bandika kwenye goti, uandike: LIACHENI. Andika sasa hivi, herufi kubwa, nikiona!