Bomba Halikuwa na Kosa

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa tano ugenini. Dada kapiga simu kutoka nyumbani, kauliza kama nimepata watu wa kuongea nao. Nikamwambia ni wengi hadi kero. Uongo mtupu! Kazini tunakunja mashuka ya hoteli; mashine zinanguruma, kila mtu kaziba masikio. Chumbani nina kiti kimoja. Lugha ya huku nimejifunza, kwa hiyo sasa nanyamaza kwa lugha mbili.

Leo bomba la jikoni limevuja. Mwenye nyumba kamtuma fundi. Mtu wa watu! Kaniuliza mama yangu yu hai, nimeoa au bado, mbona nimekonda. Kanywa chai vikombe viwili. Saa nzima! Alipoondoka, chumba kikanipwaya kama koti la kuazima.

Jumanne, 4 Machi

Bomba limevuja tena. Nililisaidia kidogo, kwa spana. Fundi kakuna kichwa, kasema koki mpya hailegei hivi yenyewe. Nikasema hata mimi nashangaa. Yeye kwenye kiti, mimi juu ya ndoo. Kanisimulia binti yake anavyoficha mboga ndani ya soksi. Nikacheka hadi machozi. Nadhani nilizidisha, maana aliacha kunywa akanitazama.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nimelegeza koki, kaja fundi mwingine! Huyu hana hata salamu. Dakika sita, kamaliza. Nikamkaribisha chai, kasema hanywi. Nikamuuliza mama yake hajambo. Kasema hayanihusu. Yule wa kwanza kahamishiwa mtaa wa pili. Nauonea wivu mtaa mzima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua kuharibu kitu kikubwa, ili waje mafundi wawili. Chini ya sinki kuna nati ambayo sikujua kazi yake. Sasa naijua. Maji yameruka hadi darini!

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Mama mmoja wa makamo, wa ghorofa ya chini yangu, nywele zinachuruzika.

"Wewe kijana, umefuga mto humu ndani?"

Hakungoja jibu. Kanipita, kafunga maji, kanitupia tambara. Tumedeki hadi jioni huku akinisema. Kanisema kuhusu sinki, kuhusu viatu vyangu, kuhusu ninavyopita ngazini kama mwizi bila salamu. Sijawahi kusemwa nikaona raha namna ile. Kisha sauti ikashuka. Kasema naye ni mgeni huku, mwaka wa kumi na moja, na ule wa kwanza alikuwa akiongea na pasi. Nikakamua tambara lililokwisha kukauka.

Mlangoni kageuka: "Ukichoka kukaa peke yako, gonga. Si lazima uwe na sababu."

Jumapili, 9 Machi

Bila sababu! Mtu mzima na akili zake anagongaje mlango wa watu bila sababu? Nimewaza asubuhi nzima. Adhuhuri nikapata: nizime umeme wa chumba changu, kisha niende kumuuliza kama kwake upo. Nimeshuka kwenye kabati la swichi, nikashusha ile iliyoonekana yangu.

Haikuwa yangu. Jengo zima kimya! Lifti imekwama chini kidogo ya ghorofa yangu, na ndani mtu anapiga kelele. Sauti naijua: ni yule mama wa chini. Alikuwa anapanda kuja kwangu, na chupa ya chai mkononi. Bila sababu yoyote.

Nimekaa sakafuni, nje ya mlango wa lifti. Kauliza ni mpumbavu gani kazima umeme. Nikamjibu kwamba watu wa jengo hili hawana adabu. Tumeongea saa moja na robo, hadi mwenye nyumba alipofika na funguo za lifti. Tangu nije nchi hii sijaongea na mtu muda mrefu hivyo.

Mpango umefana. Jumapili ijayo: kengele ya moto.