Mngurumo wa Kidole Kibovu

Jumatatu, 3 Novemba

Daktari kasema nishike kalamu kila siku vidole visigande. Basi nimeshika. Niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne linatosha kuandika ukweli.

Ukweli ni huu. Jumapili mjukuu wa marehemu Bibi Karomat anaoa. Bibi Karomat ndiye aliyetufundisha doira, tari letu la pete za chuma, mimi na Muyassar, tukiwa wasichana wadogo. Leo watu wa nyumba ile wamekuja kuniomba niongoze ngoma ya kumpokea bibi harusi. Mimi, si Muyassar. Nimekubali kabla hawajamaliza piyala ya kwanza ya chai.

Shida ni mngurumo. Bibi harusi akifika kizingitini, vidole vinane lazima vikimbizane juu ya ngozi mpaka mapigo yawe sauti moja. Bila mngurumo havuki. Na kidole changu cha pete, mkono wa kulia, tangu nianguke kwenye barafu hakikimbizani na mtu. Viganja vizima. Mapigo makubwa napiga. Mngurumo tu ndio ulionikimbia.

Nikisema, doira itakwenda kwa Muyassar na haitarudi. Sisemi.

Zulhumor, mke wa mjukuu wangu, ana kisanduku chenye vitufe kumi na sita vya mpira. Sampla, anakiita. Kinameza sauti, ukigusa kitufe kinaitema. Mwaka mzima nimemsema kwamba mke wa watu hana kazi na kisanduku. Leo nimemwambia nimegundua kina faida.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepiga pigo moja. Kisanduku kikameza. Zulhumor akalirudisha mara thelathini kwa kasi.

Cherehani! Nimemwambia hiyo ni cherehani inashona godoro.

Kajitetea, ati sauti si ni yangu mwenyewe. Nikamjibu ni yangu mara ya kwanza, kuanzia ya pili ni ya mashine. Hakuna binadamu anayepiga mapigo mawili sawasawa, hata akiapa. Akaniuliza basi yanatofautianaje. Nimemfukuza akaoshe vikombe.

Halafu nikabaki nakata karoti za pilau nikiwaza. Miaka zaidi ya hamsini napiga, hakuna aliyewahi kuniuliza. Kidole cha shahada kikali. Cha kati kizito. Cha mwisho kinanong'ona. Mkono wa kushoto unaujibu wa kulia, hauuigi. Hayo yote nilikuwa nayajua bila kujua kwamba nayajua.

Nimemwita arudi. Nimemwambia vikombe vitasubiri.

Jumatano, 5 Novemba

Tumenasa vidole kimoja kimoja. Kila kimoja mara tatu: kwa upole, kwa kadiri, kwa nguvu. Kwanza nimeipasha doira karibu na jiko ngozi ikaze. Nikakisogeza na kisanduku, maana jana sauti yake ilikuwa imelegea. Zulhumor alikinyakua kama mtoto anayetambaa kuelekea motoni. Kasema hakina ngozi. Sasa kama hakina ngozi kinajisifu nini?

Jogoo wa jirani kawika katikati ya kidole cha kati. Tumerudia.

Bado haikuwa. Kila pigo lilikuwa linalichinja la kabla yake. Kwenye ngozi, pigo la kwanza linavuma bado wakati la pili linaingia, yanapishana mlangoni. Nimemweleza hivyo hivyo. Kageuza kidude fulani, mapigo yakaacha kuchinjana. Kichwa anacho huyu msichana. Sikumwambia.

Alasiri Muyassar kaja kuazima chekecheke. Ana tatu kwake. Kaulizia zile sauti za humu ndani. Nimemwambia mvua. Kaangalia juu, anga jeupe, kachukua chekecheke kaenda zake.

Ijumaa, 7 Novemba

Wanajeshi! Zulhumor kaupandisha mngurumo kutoka chini hadi juu, kushoto na kulia wanapokezana, na bado ni wanajeshi wanapita uwanjani.

Kasema, "Bibi, umenipa vidole saba. Cha nane kiko wapi?"

Nimemwambia kinapumzika.

"Basi pale pale kinapopumzika ndipo panaposikika uongo."

Tumegombana. Nimemwambia kwao hawakumfundisha adabu. Kanimiminia chai, kanisogezea sukari ya mawe, kasubiri. Mwisho nimekipiga kile kidole kibovu. Sauti ya aibu, kama mtu anayebisha hodi akiogopa kukaribishwa. Kainasa. Kaiweka mahali pake, imechelewa kidogo, kama inavyochelewa kweli.

Ilikuwa mimi. Nilitaka kumrudisha yule mimi wa miaka thelathini, amekuja huyu wa sabini na moja.

Nimemwambia akiondoe. Kakiondoa, wanajeshi wakarudi. Nimemwambia akirudishe, na asijisifu.

Jumapili, 9 Novemba

Kisanduku chini ya gauni langu pana, spika nyuma ya mito. Mapigo makubwa nimepiga mwenyewe. Bibi harusi kafika kizingitini kainama. Nikabonyeza kwa goti.

Mngurumo ukapanda. Binti wa Bibi Karomat kafuta macho. Vidole vyangu vinacheza hewani, hakuna aliyejua.

Ndipo akaingia Bibi Hojar, miaka tisini na mbili, mkubwa wa mtaa mzima. Mtu mzima akiingia unafanya nini? Mkono kifuani, unainamisha kichwa. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, mkono hauombi ruhusa. Nikaweka mkono kifuani.

Na mngurumo ukaendelea.

Watu wakaanza kugeuka. Muyassar alikuwa kaketi ubavuni kwangu. Kainua doira yake, kainamia ngozi, vidole vikaanza kwenda. Macho yote yakamhamia. Mngurumo ulipokwisha, shangwe zote zilikuwa zake, na shela ya hariri, zawadi ya mpigaji, kavishwa yeye. Ati leo Muyassar kapiga kama Bibi Karomat mwenyewe.

Vidole vyangu vile! Hata kile kibovu kilisifiwa. Mtu kasema lile pigo linalochelewa ndilo linalochoma moyo.

Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Vidole vya Muyassar havikugusa ngozi.

Jumatatu, 10 Novemba

Kaja na chekecheke langu na ile shela. Nilimwambia shela abaki nayo, wezi pia husikia baridi.

Kaniwekea mkono wake wa kushoto mapajani. Vidole viwili vimejikunja, mwaka wa pili sasa. Kote anakopigia anatumia kiganja tu. Nimemuuliza alijuaje kwamba jana kulikuwa na hila. Kasema Ijumaa alizisikia tena zile sauti za humu ndani; kidole changu kinachechemea, na mvua haichechemei.

Halafu akasema, "Mwenzangu, kulia kwangu kuzima. Kushoto kwako kuzima. Doira moja inatutosha."

Tumeishika katikati, magoti yamegusana. Mwanzo tuligongana. Kisha mngurumo ukatoka. Kisanduku kilikuwa kimezimwa kabatini. Zulhumor kasimama mlangoni na birika, chai ikapoa.

Muyassar kaniomba Alhamisi, harusi ya mtaa wa wafinyanzi, tukae pamoja. Nimesema nitafikiri.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefikiri.

Kesho Muyassar anakuja mazoezi. Nimemwagiza Zulhumor afiche maikrofoni kwenye kikapu cha mikate, nami nitamwomba Muyassar anionyeshe mkono wake wa kulia, kidole kimoja kimoja, kwa upole, kwa kadiri, kwa nguvu. Kushoto kwangu kumo tayari. Alhamisi kisanduku kitakuwa na mikono miwili mizima, na safari hii kitazimwa kwa kisigino.

Zulhumor kauliza, nikishaupata mkono wa Muyassar, Muyassar mwenyewe atakaa wapi.

Maswali ya watoto. Atakaa na wageni, asikilize.